IST inapiga stata ila haiwaki, fyuzi ya EFI (mfumo wa umeme wa kumwagia injini mafuta) inaungua kila ikibadilishwa. Msaada wakuu

#1 Nyanya Chungu (Jumapili, saa 3:10 asubuhi)

Wakuu habari za wikiendi. Nitaeleza kisa chote, maana nikieleza nusu mtaniambia nibadilishe betri.

Gari ni Toyota IST ya 2004, ile ya 1.3, ninayo mwaka wa nne sasa. Jumatatu iliyopita hapa Dar natoka Goba nashuka kuelekea Mbezi, nikaingia kwenye shimo, wala si la kutisha, gari ikazima palepale. Hakuna mlio, hakuna moshi. Nikipiga stata inazungusha injini kwa nguvu zote ila haishiki. Taa zinawaka, redio inaimba, honi inalia.

Fundi wa kwanza akaja na bodaboda, akasikiliza sekunde kumi, akasema pampu ya mafuta imekufa. Laki moja na ishirini, pampu pamoja na ufundi. Akafunga, gari ikawaka mara moja, nikamuona malaika. Jumatano jioni ikazima tena nikiwa kwenye foleni ya Mwenge. Nampigia, simu haipatikani. Fundi wa pili nikampata hapohapo barabarani. Huyo akafungua boksi la fyuzi kwenye boneti, akachomoa moja akanionesha imeungua, akapachika nyingine, ikawaka. Elfu tano. Nikasema kumbe!

Alhamisi asubuhi haikufika hata getini. Nikamwita tena, akapachika fyuzi "yenye nguvu zaidi" akasema hiyo haiungui ng'o. Nimeendesha dakika kama ishirini nikaanza kusikia harufu ya plastiki inayoungua. Nikasimama, nikafungua boneti, sikuona moto wala moshi ila harufu ipo. Nikachomoa terminali ya betri, gari ikavutwa mpaka nyumbani. Ipo uani tangu siku hiyo, kuku wanalala chini yake.

Swali la kwanza, pampu ilikuwa mbovu kweli? La pili, kwa nini fyuzi inaungua? Natanguliza shukrani.

#2 Siti ya Mbele

Ngoja waje wataalamu. Nimekaa.

#3 Dogo Gia

Badilisha betri.

#4 Nyanya Chungu

Nilijua tu.

#5 Mchuuzi wa Usiku

Hapo kuna mkono wa mtu. Gari ikizima kwenye shimo lilelile mara mbili, angalia waliokuzunguka.

#6 Nyanya Chungu

Mkuu, mara ya pili ilizima Mwenge, hakuna shimo. Labda mkono wenyewe una bodaboda.

#7 Bwana Testa

Pole sana dada, au kaka, nisamehe kama nimekosea. Mimi ni fundi umeme wa magari, mwaka wa kumi na saba kwenye hii kazi. Kwanza hongera kwa kuchomoa terminali. Ungeendelea dakika nyingine kumi, uzi huu ungekuwa wa kuuliza bima.

Kabla hatujagusa kitu naomba majibu matatu. Siku ilipozima, ulipoweka ufunguo kwenye ON bila kupiga stata, ile taa ya chungwa yenye umbo la injini iliwaka kwenye dashibodi? Fyuzi aliyopachika fundi wa pili mara ya mwisho ni ya rangi gani, na kwenye kifuniko cha boksi hapo mahali pake pameandikwa namba ngapi? Na ndani ya mwezi mmoja au miwili kabla ya haya yote, kuna fundi yeyote aligusa gari? Hata kama ni kuosha injini tu.

#8 Nyanya Chungu

Ni dada, hujakosea.

Taa: bahati nzuri siku ile nilimtumia mume wangu picha ya dashibodi WhatsApp nikilalamika. Nimeiangalia sasa hivi. Ipo nyekundu ya betri na nyekundu ya oili. Ya chungwa ya injini haipo kabisa.

Fyuzi ni ya kijani. Kifuniko kinasema EFI 15A.

Kuguswa: hapana, sikumbuki. Servisi ya oili tu, nayo ilikuwa mwezi wa tatu.

#9 Bwana Testa

Hiyo picha ina thamani kuliko fundi wote wawili.

Sikiliza. Ile taa ya injini inawashwa na kontroboksi yenyewe, yaani ECU, kompyuta ya injini. Ukiweka ON lazima iwake kwanza, halafu injini ikishika ndiyo inazima. Isipowaka kabisa, na balbu yake ni nzima, maana yake kontroboksi haina umeme. Bila kontroboksi hakuna cheche, hakuna nozeli kumwaga mafuta, na pampu nayo hairuhusiwi kusukuma. Fundi wa kwanza alisikiliza pampu, hakuisikia, akaihukumu. Kwani ingelia vipi, anayeiamrisha kalala?

Sasa hesabu kidogo. Pampu mpya, gari ikawaka mara moja. Ila fyuzi ilikuwa imeungua tangu shimoni, na fyuzi iliyoungua haiponi yenyewe. Kwa hiyo huyo malaika aliiona, akaibadilisha kimyakimya, na kukuuzia pampu juu yake.

#10 Siti ya Mbele

Duh. Popcorn ziongezwe.

#11 Nyanya Chungu

Laki na ishirini ya fyuzi ya mia tano. Naomba dakika mbili nikanywe maji.

#12 Bwana Testa

Kunywa, tuendelee. Rangi ya fyuzi si urembo. Hizi za bapa rangi zake ni zilezile kwenye magari karibu yote: kahawia ni ampia 7.5, nyekundu 10, bluu 15, njano 20, nyeupe inayopitisha mwanga 25, kijani 30. Mahali pa bluu kapachika kijani, yaani mara mbili. Waya unaotoka hapo ulipimwa kwa 15. Sasa shoti ikitokea fyuzi haikatiki haraka, kinachopata moto ni waya. Ile harufu ni ganda la waya.

Ing'oe hiyo ya kijani hata sasa hivi, kabla mtoto hajarudisha terminali akitaka redio.

#13 Mkali wa Tandale

Bwana Testa unamtisha dada wa watu. Hapa kwetu IST zote tunaweka 20 kwenye EFI, zinatembea mwaka wa pili huu. Hizi gari ni za zamani, nyaya zimechoka, zinavuta umeme mwingi, 15 haitoshi. Weka 20 utulie.

#14 Bwana Testa

Mkuu, waya uliochoka ndio unataka fyuzi kubwa? Mzee akichoka unamuongezea gunia?

Fyuzi hailindi pampu wala kontroboksi, inalinda waya. Na wala haina haraka kama watu wanavyodhani. Ya 15 inaweza kubeba 16 muda mrefu bila kukatika. Mkondo ukifika mara mbili ya namba yake ndipo inatakiwa ikate ndani ya sekunde 5. Kwa hiyo 15 ikiungua, ujue kuna kitu kimevuta kupita kiasi kweli, haikusingizii. Gari imetoka Japani na 15, imetembea miaka yote na 15, leo ghafla haitoshi?

#15 Dereva Mstaafu

Naomba niongezee hapo. Nimeendesha Hiace ya abiria miaka tisa. Konda wetu mmoja alikuwa bingwa wa kukunja ile karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara anaweka mahali pa fyuzi ya taa. Ikifanya kazi anashangilia. Siku moja tunapanda mlima na abiria kumi na wanane, moshi ukaanza kutoka chini ya dashibodi. Hakuna aliyeumia, walitokea madirishani kama samaki wanaruka nyavu. Ila nyaya za dashibodi nzima zilishikana zikawa donge moja jeusi, kama ugali ulioungua chini ya sufuria. Tajiri alilipa karibu milioni. Fyuzi yenyewe ilikuwa mia tatu enzi hizo.

#16 Mkali wa Tandale

Sawa wazee. Mimi nimeongea ninachokiona gereji.

#17 Bwana Testa

Hamna neno mkuu. Wengi tunafundishwa hivyo, hata mimi bosi wangu wa kwanza alikuwa na kipande cha waya mfukoni cha dharura.

Dada Nyanya Chungu, zile fyuzi zilizoungua unazo? Ukiziangalia kwenye kidirisha chake, ule uzi wa ndani umekatika vipi? Kama pamechafuka, pana weusi na vichembe vya madini vimerukia plastiki, hiyo ni shoti ya moja kwa moja, waya umegusa bodi. Kama umeyeyuka taratibu katikati na kidirisha ni kisafi, ni kifaa kinavuta kupita kiasi, mfano pampu nzito.

#18 Nyanya Chungu

Ninazo mbili, za fundi wa pili. Aliziacha kwenye sahani ya kikombe mbele ya gia. Zote mbili ni nyeusi ndani, moja plastiki imeyeyuka hadi nje.

#19 Bwana Testa

Shoti. Tunaitafuta, na hautanunua fyuzi ishirini za kuunguza.

Una mtu mwenye mikono mizuri hapo nyumbani? Chukua moja ya hizo zilizoungua, bomoa plastiki yake kwa koleo, ubaki na miguu miwili ya chuma. Kila mguu ufungie waya mfupi. Ncha nyingine za nyaya hizo ziunganishe na balbu ya indiketa ya nyuma, ni 12V 21W. Kwa hiyo umetengeneza fyuzi yenye balbu badala ya uzi. Funika viungo vyote kwa tepu nyeusi visiguse bodi. Ipachike mahali pa EFI, rudisha betri.

Hapo umeme wote unaokwenda EFI unapita kwenye balbu. Pakiwa na shoti, balbu inawaka kwa nguvu zote, na hakuna kinachoungua, kwa sababu balbu hiyo haiwezi kupitisha hata ampia 2. Pasipo na shoti itazima, au itawaka hafifu kwa kile kidogo ambacho kontroboksi inakunywa. Ukichomoa kifaa chenye shoti, mwanga unashuka mbele ya macho yako.

Angalia kwanza ufunguo ukiwa OFF. Ikiwaka kali hata OFF, shoti iko kabla ya rilei kubwa ya EFI (ile swichi inayoendeshwa na umeme), kwenye boksi lenyewe au waya unaokwenda kontroboksi moja kwa moja. Ikiwaka kali ukiweka ON tu, iko baada ya rilei. Usipige stata, hiyo balbu haitoshi kuwasha gari. Na kwenye Toyota za umri huu pampu haipewi umeme mpaka stata izunguke, kwa hiyo balbu ikiwaka kali kwenye ON bila stata, pampu haihusiki kabisa.

#20 Nyanya Chungu

Yupo mdogo wa mume wangu, yuko VETA anasoma umeme wa majumbani. Anasema umeme ni umeme. Tunajaribu mchana.

#21 Wa Likoni

Salaam alaikum jamaa. Mimi niko Mombasa, nina Probox. Sitaki kumpotosha dada, kwake ni shoti, lakini wengine wanaosoma wajue na hili. Yangu ilikuwa haiwaki wiki mbili, mekanika wanatoa fyuzi, wanaitazama, nzima, wanarudisha. Watatu wote hivyo. Wa nne akaipima kwa testa ikiwa imo ndani, kwenye zile nukta mbili ndogo za chuma mgongoni mwa fyuzi. Upande mmoja umeme upo, upande wa pili hakuna. Kuitoa, kwa macho fyuzi ni nzima kweli! Shida ilikuwa ufa mwembamba kama unywele, macho hayaoni. Na miguu ya soketi ilikuwa na ukungu wa kijani, ile chumvi ya bahari. Kwa hivyo jicho halitoshi, pima pande zote mbili ufunguo ukiwa ON.

#22 Bwana Testa

Alaikum salaam, umesema kweli tupu ndugu yangu. Watu wa pwani hilo liwekeni akilini. Soketi ikiwa legevu au ina kutu ya kijani, inapata joto na fyuzi inayeyuka plastiki bila uzi kukatika. Isafishwe kwa dawa ya kusafishia viungo vya umeme na brashi laini, si msasa, msasa unakwangua ile rangi ya bati ya juu na mwezi ujao kutu inarudi mara mbili.

#23 Babu Noah

Wakuu samahani kudandia uzi. Mimi Noah yangu hata stata haipigi. Nikiwasha inasema tik moja tu, basi. Nimekagua fyuzi zote kwa macho, nzima. Je ni ECU?

#24 Bwana Testa

Babu taratibu, usiruke hadi kontroboksi, hiyo ni ya mwisho kabisa. Tik moja maana yake amri imefika kwenye stata ila nguvu haijafika. Angalia taa za mbele wakati unawasha: zikififia sana, ni betri au terminali. Zisipofifia hata kidogo, ni stata yenyewe. Fyuzi ya ST au AM2, zile za njia ya kuwashia, ikikatika husikii hata hiyo tik, kimya kabisa, ingawa redio inaimba. Kagua terminali kwanza, hasa ile ya ethi inayofungwa kwenye bodi.

#25 Nyanya Chungu (Jumapili, saa 11:20 jioni)

Mrejesho. Ushemeji wangu umepanda bei leo.

Balbu tumetengeneza. Ufunguo OFF, giza. ON, ikawaka hafifu kama kibatari kinachoishiwa mafuta. Tukasubiri. Haibadiliki. Shemeji akasema basi, hakuna shoti, imejiponya. Mimi moyo ukashuka kabisa, maana ugonjwa unaojificha mbele ya daktari ndio mbaya zaidi.

#26 Bwana Testa

Haijajiponya, imepoa. Gari ilikuwa inakata ikiwa imetembea, ikiruka au injini ikiwa ya moto. Sasa imekaa siku tatu baridi, waya umejitenga na chuma. Mwambie shemeji aache ON, wewe tazama balbu tu usiondoe macho, yeye atikise nyaya moja moja. Aanze kwenye boksi la fyuzi, afuate mkia wa nyaya kuelekea injini. Na mahali popote waya unapopita karibu na eksozi, atikise mara mbili.

#27 Nyanya Chungu (saa 12:05 jioni)

WAKUU!

Nimekaa na balbu mkononi kama nashika yai. Shemeji anatikisa: boksi, hakuna kitu. Nyaya za nozeli, hakuna kitu. Akaingiza mkono karibu na manifoldi ya eksozi, kuna sensa imefungwa pale na ina waya wake mrefu, akaivuta kidogo tu. Balbu ikaniwakia usoni kama taa ya breki! Nikapiga kelele, jirani akatoka na panga akidhani mwizi.

Akaivuta tena, ikawaka. Akaiachia, ikafifia. Tumefanya mara sita, kwa raha tu. Halafu akachomoa soketi ya hiyo sensa, akatikisa nyaya zote za injini kwa nguvu, balbu hafifu vilevile, hairuki.

Tukamulika na tochi ya simu. Waya mmoja ganda lake limeyeyuka kama sentimita tatu, shaba inang'aa nje, na ile bati ya kuzuia joto juu ya manifoldi ina alama nyeusi tatu za kuchomwa. Halafu pembeni kuna klipu ya chuma iko tupu, haishiki kitu.

Hapo nikakumbuka. Bwana Testa uliuliza kama kuna fundi kagusa gari. Mwezi uliopita nilipanda tuta nikiwa nimebeba wageni wa msiba, eksozi ikapasuka, nikaichomelea kwenye gereji moja ya barabarani. Sikuihesabu kama "kuguswa" maana alikuwa mchomeleaji, si fundi umeme.

#28 Bwana Testa

Ndiye mwenyewe. Alishusha bomba, akatoa waya kwenye klipu ili usiungue na moto wake, akamaliza akaondoka. Waya ukaachwa unaning'inia juu ya manifoldi. Ganda likaanza kulainika kidogo kidogo kwa joto, na siku ulipoingia shimoni injini ikayumba, waya ukalalia bati, fyuzi ikafanya kazi yake.

Hiyo ni sensa ya oksijeni. Ndani yake kuna hita ndogo ya kuipasha moto haraka, na umeme wa hiyo hita unatoka kwenye fyuzi ileile ya EFI inayolisha kontroboksi. Kwa hiyo kitu kidogo cha kwenye eksozi kinazima gari nzima. Watu wengi wanaona kontroboksi haina umeme wanaanza kufungua kontroboksi.

Na kwa wanaochomelea magari: chomoa betri kabla mashine ya kuchomelea haijagusa bodi. Nimeona kontroboksi zilizokufa kwa hilo. Hapo hata fyuzi haikusaidii.

#29 Nyanya Chungu

Sasa waya wenyewe? Shemeji anataka kuufunga tepu tu.

#30 Bwana Testa

Tepu karibu na eksozi itayeyuka kabla hujafika Mwenge. Kata kipande kilichoungua, unga kwa ile mirija ya chuma ya kubana kwa koleo, halafu visha soksi ya waya ya kuzuia joto, hizi nyeupe za nyuzi za kioo zinauzwa kwa mita maduka ya spea eneo la Gerezani. Usichomelee kwa risasi, risasi ikikaa karibu na joto lile inalegea. Na waya wa ishara wa sensa usiuguse kabisa kama ni mzima, wala usijaze grisi kwenye viungo. Sensa nyingi za namna hiyo zinavuta hewa ya nje kupitia ndani ya nyaya zake. Ukiziba, inaanza kusoma uongo na gari itakunywa mafuta.

Halafu rudisha waya kwenye klipu. Hiyo klipu ndiyo dawa, hayo mengine ni bandeji.

Jambo jingine, ile safari ya dakika ishirini na fyuzi ya 30. Fuata waya kutoka boksi la fyuzi hadi kwenye sensa, papasa. Ukikuta mahali pamekuwa pagumu, panang'aa, au ganda limeshikamana na waya jirani, pabadilishwe. Angalia pia miguu ya rilei ya EFI kama imegeuka rangi ya kahawia.

#31 Dogo Gia

Kwa hiyo si betri.

#32 Siti ya Mbele

Dogo Gia hebu pumzika.

#33 Mama Ntilie wa Buguruni

Kwangu ilikuwa panya. Suzuki Carry yangu inalala karibu na jiko, panya walitafuna nyaya za injini kutafuta mabaki ya mafuta ya kukaangia. Fyuzi ziliungua tatu kabla sijajua. Nikanunua paka. Paka akawa analala juu ya injini asubuhi, sasa kila siku lazima nipige boneti kofi kabla sijawasha.

#34 Mkali wa Tandale

Bwana Testa, ile balbu badala ya fyuzi naomba nikuulize. Nikitumia balbu kubwa, ya taa ya mbele, si inafaa zaidi?

#35 Bwana Testa

Inategemea mkuu. Ya taa ya mbele, 55W au 60W, inapitisha kama ampia 5, nzuri kwa njia zenye vifaa vikubwa, mfano feni au hita ya kioo. Kwa njia ya EFI nakushauri 21W, ili hata ukikosea usichome kitu. Ikiwa kifaa halali kwenye njia hiyo kinavuta sana, balbu ndogo itawaka kali na kukudanganya kuwa ni shoti. Unaijua njia kwanza, halafu unachagua balbu. Karibu siku moja gereji, lete na mita.

#36 Mkali wa Tandale

Nakuja Jumamosi mkuu. Na hizo IST za kwetu naanza kuzirudishia bluu kesho.

#37 Mpenda Spea

Mnaponunua fyuzi pia muwe macho. Kuna za bei chee zinauzwa kwa pakiti mia, namba ipo, rangi ipo, ila ndani kuna bati nene. Mimi nilijaribu moja ya 10 kwenye betri ya zamani kwa makusudi, waya wa majaribio uliwaka mwekundu, fyuzi yenyewe imekaa kama haijasikia. Chukua moja kwenye pakiti uijaribu kabla ya kuiamini.

#38 Nyanya Chungu (Jumanne, saa 2:40 usiku)

Mrejesho wa mwisho.

Waya umeungwa, umevishwa soksi, umerudi kwenye klipu. Rilei nzima. Kipande kimoja cha waya karibu na boksi kilikuwa kimekauka kama tambi, kimebadilishwa. Fyuzi mpya, bluu, 15. ON: taa ya injini ikawaka, nikaishangilia kama bendera. Stata moja tu, ikashika. Leo nimeenda Mbezi na kurudi, nimelipitia lile shimo makusudi, mara mbili.

Gharama: mirija ya kubana, soksi ya waya, fyuzi tatu za akiba, zote pamoja hazikufika elfu kumi na mbili. Shemeji nimempa ishirini na pilau.

Nilimpata yule fundi wa kwanza kwa namba ya mke wake. Hakubisha. Alisema, "Fyuzi niliiona dada, ila fyuzi haina faida." Nimeomba arudishe nusu, kasema mwisho wa mwezi. Pampu yangu ya zamani alikuwa bado anayo kwenye ndoo, kanirudishia. Kama kuna mdau anahitaji pampu nzima ya IST, isiyo na hatia, anione.

Bwana Testa Mungu akuzidishie. Niambie ulipo nikuletee hata soda.

#39 Bwana Testa

Soda naipokea, baridi. Weka moja ya hizo fyuzi za akiba kwenye kifuniko cha boksi, pana nafasi zake.

#40 Babu Noah

Wakuu nami mrejesho. Taa zilikuwa zinafifia kama alivyosema Bwana Testa. Nimekagua terminali, ya chanya inazunguka kwa kidole. Kumbe wiki iliyopita jirani aliazima betri akairudisha mwenyewe nikiwa kazini, akakaza kwa mkono. Spana namba 10, nusu mzunguko, Noah ikaunguruma. Nilishalipa advansi ya ECU.